Kiti Mezani Hakitoshi

  

Leo tunazungumza habari za nyumba za kupanga, hasa chumba kimoja ambacho wapangaji wengi hatujawahi kukiona: chumba cha mikutano cha wale wanaozimiliki. Humo ndimo huamuliwa kodi ipande kiasi gani, paa la jengo gani liezekwe upya mwaka huu, na lipi lingoje. Swali langu ni hili: kati ya watu wanaokaa kuizunguka meza hiyo, yuko hata mmoja anayelala katika nyumba hizo? Na kama yuko, je, anasikika?

Wahenga walituambia, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo utadhani dawa ni rahisi: mweke mezani anayekilalia, mambo yaishe. Mimi nakuja kukuambia jioni hii kwamba hayaishi. Kiti mezani ni mwanzo tu. Nitarudia jambo hilo mara kadhaa, unisamehe, maana ndilo shina la mazungumzo yetu.

Mimi naishi London. Ni mpangaji, na ni mjumbe wa kujitolea kwenye bodi ya chama kimoja kidogo cha nyumba. Kazi niliyopewa ni kuyatazama mambo ya chama kwa jicho la mpangaji, yaani kuwa mtetezi wa wapangaji. Jina la chama tuliache, kwani ninayosema yanahusu vyama vingi.

Kwa msikilizaji aliye Tanga, Mombasa au Bukavu, nieleze kidogo mambo ya huku. England ina nyumba za kodi nafuu zipatazo milioni nne, zinazokaliwa na watu ambao kodi ya soko huria ingewashinda. Nyingine ni mali ya halmashauri za miji na wilaya. Nyingine ni za vyama vya nyumba, navyo ni mashirika yasiyogawana faida. Sisi Waswahili wa huku mara nyingi huziita zote nyumba za kaunsili, tukamaliza. Chama cha nyumba huongozwa na bodi: mhasibu, mwanasheria, mtu aliyekuwa mkuu wa shirika fulani, na katika vyama vingi, mpangaji mmoja au zaidi.

Sasa, mjumbe huyu mpangaji hufanya nini? Vyama vikubwa siku hizi huwalipa wajumbe wao, lakini vidogo vingi havilipi. Kwetu hakuna posho ya kikao. Najua kuna msikilizaji ameshtuka: kikao bila posho? Ndiyo, ndugu yangu. Unarudishiwa nauli, na kama una mtoto mdogo unaweza kurudishiwa gharama ya mlezi. Basi. Kabla ya kikao unaletewa makabrasha, nawe unayasoma usiku watoto wakishalala. Ndani yake mna hesabu za fedha, taarifa ya matengenezo, malalamiko, na ukaguzi wa usalama: gesi, umeme, moto, lifti, maji na asbesto. Halafu unakwenda kikaoni na unauliza.

Hilo neno “unauliza” lishike, tutalirudia.

Tuanze na jambo linalowasumbua wote wanaoingia kwenye kazi hii. Tuseme mama mmoja wa ghorofa ya tatu anakusimamisha ngazini. “Mwanangu, si wewe uliye kwenye bodi? Boila langu limekufa tangu Ijumaa. Wajukuu wanaoga maji ya baridi. Hebu kawaambie hao wakubwa zako.” Utafanyaje? Moyo unakuambia: pokea shida ya mama, ingia nayo kikaoni, uigonge mezani.

Subiri kwanza. Ukilisemea boila la mama huyu kwenye bodi, huenda likatengenezwa kesho asubuhi. Lakini limetengenezwa kwa nini? Kwa sababu mama anakujua wewe. Na yule wa jengo la pili asiyemjua mtu yeyote? Ataendelea kuoga maji ya baridi. Msikilizaji, ugonjwa huu unaufahamu vizuri, nasi tuna jina lake: kujuana. Mtetezi wa wapangaji anayepitisha shida za majirani zake mlango wa nyuma amewafungulia watano na kuwafungia mia tano. Tena kisheria, ukishakuwa mjumbe wa bodi, wajibu wako ni kwa chama kizima. Hukutumwa na ngazi moja wala jengo moja.

Basi mama tunamwacha hivihivi? Hasha. Unamwonyesha njia ambayo kila mpangaji anaruhusiwa kuipita. Aripoti hitilafu, aandike siku na saa aliyopiga simu. Wakimpuuza, alete lalamiko rasmi. Kanuni zilizopata nguvu ya sheria tarehe 1 Aprili 2024 zinampa mwenye nyumba siku tano za kazi kukiri kwamba amelipokea, kisha siku 10 za kazi kulijibu. Mpangaji asiporidhika, anakata rufaa ndani ya chama hicho hicho, na rufaa nayo ina siku 20 za kazi. Asiporidhika bado, anakwenda kwa Housing Ombudsman, ofisi inayochunguza malalamiko ya wapangaji bila kutoza hata senti.

Na wewe mjumbe? Wewe unakwenda kikaoni na swali: mwezi huu nyumba ngapi zilikaa bila maji ya moto mwisho wa juma? Nani alingoja kuliko wote, na kwa nini? Boila la mama limekuwa dirisha, nawe unachungulia uone jengo zima.

Nimesema nani alingoja kuliko wote. Swali hilo nalipenda sana, nikueleze sababu. Taarifa za matengenezo hupenda wastani. Utasoma: kwa wastani tunatengeneza ndani ya siku 10. Unaitikia kwa kichwa, si mbaya. Lakini chukua nyumba 10. Tisa zikitengenezwa kwa siku moja moja, na ya kumi ikangoja siku 91, wastani wake ni siku hizo hizo 10! Huyo wa siku 91 amezama ndani ya wastani, huwezi kumwona. Huenda ni mzee asiyesikia vizuri kwenye simu. Huenda ni mgeni asiyejua Kiingereza. Mtetezi wa wapangaji kazi yake ni kumtafuta huyo.

Kama umejiunga nasi sasa hivi, karibu. Tunazungumza habari za wapangaji wanaojitolea kukaa kwenye bodi za nyumba, na nilisema kwamba kiti peke yake hakitoshi. Sasa nikupe ushahidi, nao ni mzito.

Usiku wa tarehe 14 Juni 2017, moto uliteketeza jengo la Grenfell Tower, magharibi mwa London. Lilikuwa jengo la ghorofa 24. Moto ulianzia kwenye friji katika nyumba moja ya ghorofa ya nne, ukapanda kwa nje, kwenye paneli zilizobandikwa ukutani wakati wa ukarabati uliokamilika mwaka uliotangulia. Watu 72 walipoteza maisha, miongoni mwao watoto wengi, na wengi wenye asili ya Afrika na nchi za Kiarabu.

Jengo lilikuwa mali ya halmashauri, lakini lilisimamiwa na shirika ambalo kwa jina lilikuwa la wapangaji wenyewe. Bodi ya shirika hilo ilikuwa na wajumbe wakazi wa nyumba za halmashauri, tena wakazi ndio waliokuwa wengi kuliko wajumbe wa aina nyingine. Sikiliza vizuri hapo. Hawakuwa na kiti kimoja cha kuombaomba. Walikuwa wengi. Na mnamo Novemba 2016, miezi kadhaa kabla ya moto, kikundi cha wakazi kilikuwa kimeandika hadharani kuonya kwamba huenda ni msiba mkubwa tu utakaofichua jinsi usalama wao ulivyopuuzwa.

Sasa jiulize: wakazi ni wengi kwenye bodi, wakazi wenzao wanapiga kelele nje, imekuwaje?

Tume ya uchunguzi chini ya Jaji Martin Moore-Bick ilitoa ripoti yake ya mwisho tarehe 4 Septemba 2024. Yaliyoandikwa humo ni mengi, na lawama zimewaangukia wengi: watengenezaji wa vifaa, wajenzi, halmashauri, serikali kuu. Lakini kwetu sisi tunaojitolea kwenye bodi, yako mawili ya kushika. La kwanza, uhusiano kati ya shirika na wakazi wengi wa jengo ulikuwa umeoza. Kulikuwa na chuki na kutoaminiana, na waliolalamika walitazamwa kama wasumbufu. La pili, mtendaji mkuu wa shirika alikuwa na mazoea ya kuificha bodi yake mambo ya usalama wa moto. Bodi ilikaa, ikafungua vikao, ikafunga vikao, na mambo ambayo ilipaswa kuyajua hayakuifikia.

Unaona? Viti vilikuwapo, habari ndiyo haikuwapo. Mjumbe anayesoma yale tu aliyoandikiwa na watendaji ataona yale tu ambayo watendaji wamependa ayaone. Kwa hiyo mtetezi wa wapangaji lazima awe na njia ya pili ya habari, inayotoka ngazini na kwenye korido moja kwa moja, bila kupita ofisini. Akisoma kwenye kabrasha kwamba milango yote ya kuzuia moto imekaguliwa, awe amepita mwenyewe akaisukuma michache aone kama inajifunga.

Mfano wa pili, na huu unaumiza kwa namna yake. Mji wa Rochdale, karibu na Manchester. Mtoto Awaab Ishak, wazazi wake wametoka Sudan, alifariki Desemba 2020 akiwa na miaka miwili tu. Mnamo Novemba 2022 mchunguzi wa vifo alitamka kwamba kilichomuua ni ugonjwa wa kupumua uliotokana na kuvuta kwa muda mrefu hewa yenye ukungu, ule ukungu mweusi unaoota ukutani kwenye unyevu. Baba yake alianza kuulalamikia tangu mwaka 2017. Aliambiwa aupake rangi. Mhudumu wa afya naye aliuandikia uongozi wa nyumba. Ukungu haukuondolewa.

Mwenye nyumba huyo alikuwa nani? Chama ambacho wanachama wake ni wapangaji na wafanyakazi wenyewe! Baadaye chama kilikiri kwamba kilidhania tu kuhusu jinsi familia ile inavyoishi, na kwamba kilikosea. Yaani ukungu ulihesabiwa kuwa kosa la mpangaji: mnaoga vipi, mnapika vipi. Msikilizaji mwenzangu uliyehamia huku, maneno hayo umewahi kuyasikia? Mnapika sana. Mnaanika nguo ndani. Hamfungui madirisha. Wengi wetu tumeyasikia.

Wahenga pia walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Rochdale ufa haukuzibwa, na gharama yake ilikuwa roho ya mtoto. Kutokana na msiba huo na juhudi za wazazi wake, England sasa ina Sheria ya Awaab, iliyoanza kutumika tarehe 27 Oktoba 2025 kwa nyumba za kodi nafuu. Hatari ya dharura ichunguzwe na kuondolewa ndani ya saa 24. Unyevu na ukungu wenye kudhuru uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi, na nyumba iwe salama ndani ya siku tano za kazi baada ya uchunguzi. Kama unaishi huku, yashike hayo, umwambie na jirani.

Lakini sheria hulindwa na watu. Kwenye bodi lazima awepo wa kuuliza: je, saa 24 zinatimizwa? Zinahesabiwa kuanzia lini, mpangaji anapopiga simu au karani anapoandika? Mtendaji akisema ukungu wa jengo fulani umetokana na jinsi watu wanavyoishi, lazima awepo wa kusema: ndugu mwenyekiti, naomba tuone ripoti ya fundi aliyelipima jengo hilo. Adabu yote, sauti ya chini, lakini ombi liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Na katika kikao kinachofuata, ajenda ikifika kwenye yatokanayo, ulitafute. Wote tuliowahi kukaa kwenye vikao, viwe vya harusi, vya msikiti au vya shule, tunajua kwamba yatokanayo ndiyo makaburi ya ahadi. Jambo linahamishwa kikao hadi kikao, mpaka aliyeuliza anachoka. Mtetezi wa wapangaji ni mtu asiyechoka na yatokanayo.

Sasa tuje kwenye neno “huru”. Watu husema mtetezi huru wa wapangaji. Huru kwa nani?

Awe huru kwa watendaji kwanza. Watakukaribisha vizuri, chai na biskuti, watakusifu, picha yako itawekwa kwenye ripoti ya mwaka. Hakuna ubaya. Ila siku utakapoona hujauliza swali gumu kwa muda mrefu kwa sababu unawapenda wote pale, jua umegeuka pambo la meza.

Pili, awe huru hata kwa wapangaji wenzake. Hili ni gumu zaidi. Chukua kodi. Mwaka 2022 bei za vitu zilipanda sana Uingereza, na fomula ya kawaida ingeruhusu kodi hizi zipande kwa zaidi ya asilimia 11. Serikali ikaweka kikomo cha asilimia 7. Kila bodi ikalazimika kuamua: tupandishe mpaka kikomo, au chini yake? Wewe ni mpangaji, majirani wanakutazama. Kila pauni unayoipunguza kwenye kodi inapungua kwenye mfuko wa kutengeneza mapaa na maboila yao hao hao. Ukipinga nyongeza yote, utashangiliwa leo, na miaka mitatu ijayo paa litavuja. Ukikubali yote, yuko mama atakayechagua kati ya kodi na chakula. Mtetezi wa kweli huuliza kwanza: kabla ya kumgusa mpangaji, tumepunguza nini kwetu ofisini? Na kuna mfuko gani wa kumsaidia atakayeshindwa? Akishajibiwa ndipo apige kura, na awe tayari kueleza kura yake ngazini bila kujificha.

Nadhani kuna msikilizaji anajisemea: mambo haya ni ya wasomi. Hapana, ndugu yangu. Mhasibu yupo, mwanasheria yupo. Aliyepungua pale ni mtu anayejua kwamba simu ya matengenezo hupokelewa baada ya dakika arobaini, na kwamba fundi akigonga mara moja anaandika “hakuna mtu” na kuondoka. Ukijua Kiswahili, au Kisomali, au Kilingala, unaongeza kitu kingine: unaweza kuongea na wapangaji ambao dodoso la chama haliwafikii.

Lakini usiingie kichwakichwa. Kabla ya kukubali kiti, uliza mambo matatu. La kwanza, nitapewa mafunzo ya kusoma hesabu, na makabrasha nitaletewa mapema, angalau wiki moja kabla? La pili, nitaweza kukutana na wapangaji wenzangu bila mfanyakazi wa chama kukaa pembeni akiandika? La tatu, nitayaona malalamiko yenyewe, kwa maneno ya waliolalamika, au muhtasari tu? Kanuni za Ombudsman zinataka kila bodi iwe na mjumbe mmoja anayebeba jukumu la malalamiko, kwa hiyo hapo huombi hisani. Majibu yakiwa ndiyo, ndiyo, ndiyo, kaa. Yakiwa hapana, shukuru kwa chai, ubaki nje na kamati ya wapangaji, huko nako kuna kazi.

Na nyumbani Afrika Mashariki? Mambo si sawa na ya huku, lakini maswali yanasafiri. Tanzania ina Shirika la Nyumba la Taifa tangu mwaka 1962, na vizazi vya wapangaji vimelelewa katika nyumba zake. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2024, mfanyakazi anakatwa asilimia moja na nusu ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Penye fedha yako na paa lako, unayo haki ya kuuliza: nani anakaa mezani, anapata habari zake wapi, na nani alingoja kuliko wote?

Tufunge kwa kukumbushana. Moja, usibebe kesi ya jirani mlango wa nyuma. Mwonyeshe njia, kisha uliulizie jengo zima. Mbili, usiamini wastani, mtafute aliyesahauliwa. Tatu, uwe na njia yako ya habari isiyopita ofisini. Nne, ng’ang’ania yatokanayo.

Kazi ya nyumbani ninayokupa wiki hii ni ndogo. Mwandikie mwenye nyumba wako, chama au halmashauri, umuulize majina ya wajumbe wa bodi na ni wangapi kati yao ni wapangaji. Akikujibu, muulize kikao kijacho ni lini, na mpangaji anapelekaje swali. Jibu likija, tuandikie hapa studio. Nitasoma barua zenu wiki ijayo, pamoja na za wale ambao hawakujibiwa kabisa.